Tushiriki Printa, Tusishiriki Siri za Wanafunzi

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo wengi siku hizi huvichanganya. Kugawana ni kila mmoja kuchukua fungu lake, na kilichogawanywa hupungua. Kushiriki ni watu wengi kuingia katika jambo moja bila jambo hilo kupungua. Mkate tunaugawana, harusi tunaishiriki. Faili ya kompyuta iko upande wa harusi: ikifunguliwa na watu kumi haipungui hata herufi moja. Hapo ndipo ilipo hatari yake, kwani mwizi wa mkate huacha sahani tupu, ilhali mwizi wa faili haachi pengo lolote.

Nayasema haya nikiwafikiria walimu wenzangu. Tangu shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, sehemu kubwa ya kazi yetu imehamia nyumbani. Hapa Kiuu, Ruiru, ambako wengi wetu tunaishi katika majumba ya kupanga, kipakatalishi cha kazi hutumia intaneti ile ile ya simu za watoto, runinga, wageni, na pengine jirani aliyepewa nywila kwa ujirani mwema. Ndani yake mna mitihani isiyofanywa bado, alama na barua za nidhamu.

Aghalabu balaa huanzia kwenye printa. Kipakatalishi kikiunganishwa na mtandao wa ofisi, mara nyingi printa ya nyumbani hutoweka. Mwalimu mwenye haraka hufungua milango yote: huuambia mtambo kwamba mtandao huu ni wa kuaminika, kisha huruhusu kabrasha zote zionekane. Ukurasa mmoja umechapishwa. Nyumba nzima imebaki wazi.

Wapo watakaosema kwamba nakuza jambo dogo. Na wakumbuke Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipoenea katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga kazi za hospitali za Uingereza. Kirusi hicho kilipitia mfumo ule ule ambao kompyuta za Windows hutumia kushirikiana faili na printa. Dawa yake ilikuwa imetolewa Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameitia.

Sheria nayo haicheki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Mwaka 2023, shule moja nchini ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Ikiwa picha zina bei hiyo, alama za mtoto zilizovuja zitakuwa na bei gani?

Sishauri turudi kubeba faili katika flashi, maana flashi hupotea na hubeba virusi. Nashauri printa iunganishwe na mtandao yenyewe, ili ichapishe bila kabrasha la mtu kufunguliwa. Kama ni lazima kushiriki faili, lifunguliwe kabrasha moja, lenye nywila, tena la kusomwa tu. Wageni wapewe mtandao wao, na watoto wasikiguse kipakatalishi cha kazi.

Hata hivyo, si haki mzigo wote kumwachia mwalimu. Anachapisha kazi ya mwajiri kwa wino na karatasi alizonunua mwenyewe, kisha siri ikivuja anaulizwa yeye. Shule na vyuo viandike kanuni za kazi ya nyumbani, vimteue fundi wa kuwasaidia walimu, na vigharimie printa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ukianguka, utamwangukia mwanafunzi ambaye hakuulizwa lolote.