Kuchagua Mbegu si Kupandikiza Jeni

Hoja kwamba uhandisi jeni ni ukulima ule ule wa mababu, ila umeharakishwa, haina mashiko. Mkulima anayechagua hindi lililojaa punje na kulitundika juu ya meko ili moshi ufukuze fukusi, anateua sifa ambazo mmea tayari unazo. Ndivyo teosinte, nyasi ya Meksiko yenye punje chache ngumu, ilivyogeuka mahindi kwa miaka 9,000 hivi. Mahindi ya Bt ni jambo jingine: hupandikizwa jeni ya bakteria wa udongoni, na mmea wenyewe hutengeneza sumu inayoua viwavi watoboao mabua. Uteuzi wa shambani haukuvusha jeni hiyo, hata kwa karne mia.

Tofauti hiyo peke yake si ushahidi wa madhara. Hata njia ya kawaida huweza kuleta madhara: kiazi cha Lenape, kilichozalishwa Marekani kwa njia hiyo, kiliondolewa sokoni mwaka 1970 kwa kuwa na sumu ya solanini kupita kiasi.

Suala zito la maadili ni umiliki. Hindi la mekoni ni mali ya aliyelitundika. Mbegu ya uhandisi jeni yenye hataza huja na masharti, na mara nyingi kuihifadhi kwa msimu ujao hukatazwa. Wanaosema hakuna kilichobadilika wamjibu mkulima kuhusu hilo kwanza.