Hisani ya Mwenye Njaa

Liko neno ambalo siku hizi latumika vibaya katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita, nalo ni "kujitolea". Kwa asili ni neno zuri. Mtu mwenye nafasi humpa jirani yake siku moja au mbili za nguvu zake, wala hatazamii malipo. Lakini leo kijana amekwisha kusoma ualimu au uuguzi, cheti anacho, kazi hana, naye aambiwa, "Jitolee kwanza." Basi aingia darasani au katika zahanati, afanya kazi sawasawa na mwenye mshahara, mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu, huku akingoja kuajiriwa. Sisi twasema, huko si kujitolea. Ni kukopwa jasho pasipo siku ya kulipwa.

Chanzo chake chajulikana. Januari 2016 serikali ilifuta ada hata kidato cha nne, na watoto wakajaa madarasani. Lilikuwa jambo jema, nasi twalisifu. Lakini mwaka ule ule ajira mpya za serikali zilisimamishwa kwa muda, na vyuo havikuacha kutoa walimu. Hivyo watoto wasio na mwalimu walizidi, na walimu wasio na kazi walizidi, katika nchi ile ile moja. Pengo likazibwa kwa vijana hawa.

Wako wanaotujibu kwamba hata wazee wetu walifanya kazi bila ujira, maana basumba wa Usukuma walilima pamoja kwa ngoma na nyimbo. Ni kweli. Lakini aliyewaita basumba shambani kwake aliwalisha. Tena aliyelima kwa mwenzake leo alijua kwamba zamu yake yaja. Je, kijana wetu zamu yake ni lini, na nani amwandaliaye chakula?

Wala tusiende mbali. Tazameni maduara ya dhahabu ya Nyarugusu na Rwamgasa. Mchimbaji hana mshahara wa mwezi, lakini kabla ya kushuka ajua fungu lake la mifuko ya mawe, na mwenye kugharimia duara humpa chakula. Hatuyasifu maduara, maana mna hatari na dhuluma nyingi. Ila ni aibu kubwa ikiwa shimoni mna mapatano, na shuleni hamna.

Wengine husema, "Apata uzoefu." Twakubali, uzoefu ni mali. Lakini ni nani awezaye kuununua kwa bei hiyo? Ni yule mwenye baba wa kumlipia pango na kumnunulia unga. Mtoto wa mjane wa Kishapu hawezi. Atakwenda kuponda mawe kwenye karasha, au kuuza mitumba mnadani. Kisha siku ya usaili aulizwapo alijitolea wapi, hana la kusema. Hivyo umaskini wake wamwadhibu mara mbili.

Wa mwisho husema kwamba fedha hazipo. Jibu hilo lingefaa katika nchi kavu, si katika nchi hii. Almasi ya Mwadui yajulikana tangu 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma katika mapato ya mgodi. Na sheria iliyorekebishwa mwaka 2017 yautaka kila mgodi kupatana na halmashauri kila mwaka juu ya msaada wake kwa wenyeji. Kwa fedha hizo madarasa mengi yamejengwa. Vema, lakini kuta hazifundishi. Fundi mwashi alipwa, mwenye saruji alipwa, mwenye lori alipwa, hakuna hata mmoja aliyeambiwa, "Jitolee." Mbona aambiwe mwalimu peke yake, ambaye bila yeye nyumba ile ni ghala tupu?

Basi twataka nini? Hatutaki vijana wafukuzwe, maana watoto wataumia. Twataka kamati za shule, halmashauri, na mashirika ya dini yenye shule na zahanati, wafanye mambo manne. Kwanza, mapatano yaandikwe, yenye mwezi wa kuanza na mwezi wa kukoma. Pili, posho ya chakula, pango na nauli itolewe, na sehemu ya fedha za migodi itengwe kwa ajili hiyo. Tatu, kijana aachiwe siku za kutafuta kazi na kwenda kwenye usaili bila kununiwa. Nne, akiondoka apewe barua ya kuishuhudia kazi yake. Wala mahali pake pasihesabiwe kana kwamba pana mwalimu; pahesabiwe pengo, hata aajiriwe mtu.

Twakumbuka mwenye shamba la mizabibu aliyewakuta watu sokoni jioni, hawana kazi kwa kuwa hakuna aliyewaajiri. Hakuwaambia wajitolee kwanza wapate uzoefu. Aliwapeleka shambani, na jua lilipokuchwa akawapa ujira. Mkono mtupu haulambwi, ndugu zetu; na mwalimu alalaye njaa hawezi kuwashibisha watoto wetu elimu.