Mazungumzo ya Nyumbani: Wageni wa Majini

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, nalo ni kuwakaribisha nyumbani samaki wa mapambo, wale wadogo waendao makundi kwa makundi. Siku hizi si ajabu kuona tangi kubwa la kioo ukumbini mwa watu. Wazee wa wanafunzi wetu hutuuliza: "Mwalimu, mbona samaki wetu hufa wiki ile ile tunayowanunua?" Twaweza kuwajibu, kwa sababu jambo hilo limetufika sisi wenyewe.

Mkwe wetu alitupa tangi lenye urefu wa sentimita 150, upana wa 50 na kimo cha 50. Tangi la kadiri hiyo huchukua lita 375 za maji, na kwa kuwa lita moja ina uzito wa kilo moja, ukijumlisha kioo, mchanga na mawe wakaribia nusu tani. Basi tukaliweka chini, juu ya sakafu ya saruji. Hapo tulitumia akili. Yaliyofuata tuliyafanya kwa pupa: siku ile ile tukalijaza maji, na kesho yake tukanunua samaki 30.

Samaki wenyewe huitwa tetra kadinali. Asili yao ni mto Rio Negro wa Brazili na mito iliyo jirani yake, na wavuvi wa mji wa Barcelos wamewavua kwa miaka mingi kuwauza nchi za nje. Hawafiki sentimita 5 kwa urefu. Ubavuni wana mstari wa buluu unaong'aa, na chini yake wekundu utokao kichwani hadi mkiani. Tulipowatia tangini walijikusanya wote pembe moja, wakageuka pamoja kana kwamba ni kitambaa kimoja. Watoto wakapiga makofi, nasi tukasema, "Mashaallah, tazameni umoja wao!"

Siku ya nne wakaanza kufa. Siku ya kumi walikuwa wamebaki 7. Mjukuu wetu, ambaye kila asubuhi alikuwa akiwahesabu, akatuuliza: "Babu, tumewakosea nini?" Hatukuwa na jawabu la kumpa, na haya ikatushika. Ndipo tulipokwenda kujifunza.

Tuliyojifunza ni haya. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba maji safi kwa macho ni maji salama. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa sumu iitwayo amonia, nayo haionekani wala hainuki mpaka izidi sana. Mwenyezi Mungu amejaalia vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vikaao katika chujio na mchangani. Baadhi yao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache na huondoka tubadilishapo sehemu ya maji. Tangi jipya halina vijidudu hivi vya kutosha. Huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuongezeka, na muda huo yatakikana tangi liwe tupu, mashine ya chujio iende usiku na mchana, na kila siku utie chembe chache za chakula cha samaki zioze. Vipimo vya maji huuzwa. Amonia na nitriti zikishuka hadi sifuri, na nitrati ikaonekana, nyumba imekuwa tayari kwa mgeni. Ama maji ya bomba, yana dawa ya kuulia vijidudu, nayo humdhuru samaki; hapana budi kuyatia dawa ya kuiondoa kabla hayajaingia tangini.

Kosa la pili ni kumwingiza mgeni kati ya wenyeji bila kumchunguza. Samaki wapya yafaa wakae katika tangi dogo la pembeni wiki 3 au 4, lenye kipande cha sifongo kilichotolewa katika chujio la tangi kubwa, ili ugonjwa wa madoa meupe na mfano wake ujitokeze huko huko.

Kosa la tatu ni haraka ya siku yenyewe. Mfuko wa samaki na uelee juu ya maji dakika 20, umefungwa, mpaka joto lilingane. Kisha ufungue, utie kikombe cha maji ya tangi mara kadhaa kwa muda wa nusu saa, uwatoe samaki kwa wavu, na maji ya mfuko uyamwage nje. Waliosafiri safari ndefu wasikawizwe katika mfuko uliofunguliwa. Pumzi yao ndani ya mfuko hutia maji ukali kama wa ndimu, na ukali huo huidhoofisha amonia. Mfuko ukifunguliwa pumzi ile hutoka, na sumu hupata nguvu. Taa izimwe, watoto wasigonge kioo, na siku hiyo samaki wasilishwe.

Mara ya pili tulifuata hayo yote, tukanunua wengine 24, kwani samaki wa kundi akiwa na wenzake wachache huishi kwa hofu, na tangi likiwa kubwa hofu yake huzidi. Tuliwapandia majani mengi wapate pa kujificha. Siku za mwanzo walikazana pembeni kama wale wa kwanza, na safari hii hatukupiga makofi. Tulikuwa tumekwisha kujua kwamba samaki hawa hubanana wanapoogopa, na wanapotulia hutawanyika, kila mmoja akaenda shughuli zake huku akimwona mwenziwe.

Hapo tuliikumbuka kazi yetu. Ni watoto wangapi wameingia chuoni kwetu wakakaa kimya, wamebanana mwisho wa jamvi, nasi tukawasifu kwa adabu, kumbe ni woga tu! Sasa mtoto mgeni akinyamaza hatumsifu. Twamngojea, na mpaka atakapocheka na wenziwe ndipo twajua amefika.

Ama mjukuu wetu, bado huwahesabu samaki kila asubuhi, wala hesabu haimtimii. Mara hupata 29, mara 33, kwa sababu wametapakaa tangi zima. Hukasirika akaanza upya. Sisi twamwacha.

Wassalamu alaikum.