Tumaini Halikai Likingoja

Mgeni afikaye Peramiho, kilomita chache kutoka Songea, huliona kanisa kubwa, hospitali na karakana, akadhani ndivyo mambo yalivyokuwa tangu mwanzo. La hasha! Misheni hiyo, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, iliteketea kwa moto katika Vita vya Majimaji mwaka 1905. Mwaka uliofuata Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni mjini Songea, na njaa ikaua maelfu. Juu ya majivu hayo watu walijenga upya.

Ndugu zetu wa Visiwani wanao ushahidi kama huo huko Mkunazini. Soko la watumwa, walikouzwa wengi waliotekwa pande za Ziwa Nyasa, lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa.

Basi tumaini la Mkristo si kukunja mikono na kungoja miujiza. Ni mkulima kupanda mahindi tena baada ya mavuno mabaya. Ni muuguzi kumwamkia mgonjwa usiku wa manane. Ni jirani kumsamehe jirani.

Hata hivyo, watumishi wa serikali wasiigeuze subira ya waumini kuwa kisingizio. Mama asaliye kitandani anastahili dawa pia, na sala yake haifuti wajibu wa ofisi yoyote. Mwananchi amekwisha kushika jembe kwa imani. Kiongozi naye amkute shambani, asimwachie Mungu kazi aliyokabidhiwa yeye.