Jina la spika likifufuliwa, ubora ndio shahidi

KUFUFUA jina la bidhaa iliyozikwa ni rahisi kuliko kufufua imani ya mnunuzi. Hilo ndilo funzo la Technics, jina ambalo kampuni ya Matsushita ya Japani ililianzisha mwaka 1965 kwa ajili ya spika za hali ya juu.

Huku Afrika Mashariki, Matsushita ilifahamika zaidi kwa redio na betri za National. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilibadili jina na kuitwa Panasonic. Miaka miwili baadaye ilisitisha uundaji wa SL-1200, mashine ya kuchezea santuri iliyowapa riziki ma-DJ wengi duniani, na Technics ikatoweka madukani.

Mnamo 2014 jina hilo lilirejea. La kuzingatia ni kwamba Panasonic haikutwaa spika ya kawaida na kuibandika nembo ya zamani.

Spika za SB-7000 za mwaka 1975 zilipangwa kwa ngazi ili besi na twita zimfikie msikilizaji kwa wakati mmoja. Katika SB-C700, iliyotolewa baada ya ufufuo, twita imewekwa katikati ya besi, hivyo sauti zote hutoka mahali pamoja. Wazo ni lile lile. Njia ndiyo iliyoboreshwa.

Hata hivyo, ubora bila bei nafuu huwaacha nje wale waliolijenga jina. SL-1200 iliporudi mwaka 2016, toleo la kwanza liliuzwa takriban dola 4,000 za Marekani. Ma-DJ walingoja hadi 2019 kupata toleo lao, kwa takriban robo ya bei hiyo.

Suala hili si geni kwa mkazi wa Chepilat, mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira, ingawa yeye alilishuhudia kwenye maziwa. Chama cha KCC, kilichoanzishwa mwaka 1925, kilianguka na kuuzwa mwaka 2000. Serikali ilikitwaa tena mwaka 2003 na kukiita New KCC, ambayo ina kiwanda katika mji jirani wa Sotik.

Mfugaji hakuuliza iwapo nembo imepakwa rangi upya. Aliuliza iwapo maziwa yake yatachukuliwa kila siku, na malipo yatafika lini.

Mnunuzi wa spika naye ana maswali yake: je, itahimili umeme unaopotea na kurudi ghafla? Koni ikipasuka, fundi wa sokoni atapata vipuri?

Anayekusudia kufufua jina lolote nchini hana budi kuyajibu maswali ya aina hiyo kabla ya kulipia matangazo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jina la zamani humvuta mteja dukani mara moja tu. Kinachomrudisha mara ya pili ni bidhaa yenyewe.