Mraba wa Malevich na Duara la Susuni

Wapo wahakiki washikiliao kwamba picha isiyo na mtu, mnyama wala mti si sanaa ya Kiafrika. Kwamba mraba na duara vitupu ni maradhi ya Ulaya yaliyoanzia kwa Kazimir Malevich, aliyeutundika Mraba Mweusi wake mjini Petrograd mwezi wa Disemba 1915, juu kwenye pembe ya chumba, pale Warusi wawekapo picha zao takatifu. Hoja hii husemwa kwa kujiamini sana, na haina miguu.

Malevich mwenyewe aliikanusha kwa maisha yake. Alizaliwa Kyiv mwaka 1879 akakulia katika vijiji vya Ukraine, kati ya wakulima waliozipamba nyumba zao kwa mikono. Novemba 1915, kabla ya maonyesho ya Petrograd, maumbo yake matupu yalikwisha kuonekana Moscow, si juu ya turubai, bali katika tarizi za wanawake wa kijiji cha Verbovka.

Na huku kwetu? Mji wa jadi wa Mkurya wa Susuni, Tarime, wenye nyumba za duara zilizolizunguka zizi la ng'ombe, haukungoja ramani ya Mrusi. Kaskazini yake, ng'ambo ya mpaka, katika kisiwa cha Mfangano ndani ya Ziwa Victoria, miamba ya Mawanga na Kwitone imechorwa duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Hakuna twiga hapo. Nyero, mashariki ya Uganda, ina maduara kama hayo.

Ama huyo twiga apewaye cheo cha uasilia, Edward Saidi Tingatinga alianza kumchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za dukani juu ya mbao za kiwandani. Hilo halimpunguzii heshima; ila ni mdogo wa Mraba Mweusi kwa nusu karne.

Linalouma ni hili. Mwanamke wa Pemba atiaye miyaa rangi, akasuka ukili, akashona ukili kwa ukili mpaka mistari ikakutana, amekwisha kuuhesabu mkeka mzima kichwani. Huyo huitwa fundi tu. Mchoraji akiuhamishia mstari uleule kwenye kitambaa, huambiwa ameiga Wazungu. Mmoja hunyimwa usanii, mwenziwe hunyimwa kwao, na mkeka huuzwa Darajani bila ya jina la aliyeusuka.