VIFARANGA BILA HESABU NI CHANGA LA MACHO

Ndugu msomaji, wewe uliyekaa kijiweni asubuhi hii ukimsubiri mwenye dili atokee, hebu tuulizane swali moja dogo kabla hujarukia ukurasa wa michezo. Ukimwaga samaki wadogo 2,000 kwenye shimo lenye maji, baada ya miezi minane utavua nini?

Kama umejibu "samaki wakubwa 2,000", pole sana. Hilo ndilo jibu tulilokuwa nalo sisi vijana sita wa hapa Kimbiji, na limetutoa jasho.

Tulichangishana. Mmoja aliuza baiskeli, mwingine alikopa kwa shemeji yake, nami niliweka malipo ya makala niliyoyasubiri miezi mitatu. Shimo tulilipata bure, liliachwa na wachimba mchanga, na masika yalikuwa yamelijaza maji. Tulilipima kwa hatua: mita 10 kwa 15. Akaja muuzaji na mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, ndani vifaranga vinacheza, na ulimi wake mtamu kama asali. Shilingi 200 kila kifaranga. Vifaranga 2,000, laki nne taslimu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza ni samaki wa aina gani, ametoka wapi, dume ni wangapi na jike wangapi. Naye hakusema. Risiti iliandikwa neno moja tu: "samaki".

Tukalisha pumba, tukatupia samadi ya kuku, tukalala zamu kulinda wezi. Kila alfajiri tuliwakuta samaki wamejaa juu ya maji, midomo nje, wanahema. Tukashangilia! Tukadhani wana njaa ya kukua. Siku ya kuvua wavu ulitoka mzito mpaka wawili wakateleza, na kijiwe kizima kikapiga makofi. Kuja kumwaga chini, samaki wenyewe wana urefu wa kidole. Mama lishe mmoja alichukua ndoo mbili kwa huruma tu. Akatuambia, "Wanangu, hawa nitawakaanga, lakini nitamhesabia mteja wangapi kwenye sahani?"

Utasema, Kimbiji mna bahari, mnafuga samaki wa nini? Swali zuri. Muulize mzee yeyote wa ngalawa katika pwani hii atakueleza baruti ilivyolia kwa miaka mingi, ikavunja matumbawe na kuua samaki mkubwa na mdogo kwa mpigo mmoja. Kijana asiye na boti wala mashine ataendaje mbali kuwafuata waliobaki? Ndiyo maana macho yanarudi nchi kavu, kwenye mashimo na mabwawa yaliyotapakaa pembezoni mwa Dar es Salaam.

Sasa sikiliza hesabu ambayo hatukupewa. Perege na sato ni ukoo mmoja, na ukoo huo una tabia yake. Jike hutamia mayai kinywani, na watoto wakishaanguliwa hukimbilia kinywani humohumo wakiona hatari. Kwa hiyo hawafi ovyo. Huanza kuzaa wakiwa bado wadogo, miezi mitatu hadi sita tu bwawani, na kwa joto la pwani yetu jike hurudia kila baada ya wiki chache. Ukichanganya dume na jike ukawaacha hivyo, hufugi tena samaki, unafuga watoto wa watoto wao. Chakula ni kilekile na maji ni yaleyale, midomo inaongezeka kila mwezi. Wote wanadumaa. Mwili unaacha kukua lakini kuzaa hawaachi, na hapo ndipo unapopata vidole badala ya samaki.

Na wingi wa kuanzia nao una kipimo chake. Wataalamu wa ufugaji hutaja samaki wawili hadi watatu kwa kila mita ya mraba kwa bwawa linalotegemea mbolea na pumba. Shimo letu ni mita za mraba 150. Piga mwenyewe hesabu: samaki 300 hadi 450. Sisi tulimwaga 2,000, zaidi ya mara nne ya kiwango! Kile kihoro cha alfajiri tulichokishangilia kilikuwa kukosa hewa. Mchana mimea midogo ya kijani iliyomo majini hutoa oksijeni, lakini usiku nayo huivuta pamoja na samaki, na kufikia alfajiri imekwisha. Samaki walikuwa wanaomba msaada, sisi tunapiga makofi.

Dawa zipo na si siri ya serikali. Unaweza kufuga madume matupu, kwa kuwa dume hukua haraka kuliko jike. Wapo wanaowachambua kwa mkono mmoja mmoja, wapo wanaowalisha vifaranga chakula chenye homoni kwa wiki tatu au nne za mwanzo ili wote wawe madume. Au unatia kambale wachache baada ya perege kukua, wawale watoto wanaozidi. Mambo haya yanafundishwa vyuoni Kunduchi na Mbegani, na kule Kingolwira, Morogoro, serikali ina kituo chake cha kuzalisha vifaranga. Elimu ipo, ila njiani kuja Kimbiji hukwama pantoni.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la vijana sita na kuwa la kwako pia. Unajua ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2018 iliingizwa kwenye sheria, Aprili 2023 ikasimamishwa, mwaka 2024 ikarudishwa. Bwawa la samaki ni moja ya miradi ambayo kikundi cha vijana hushauriwa kuandika kwenye fomu, kwa sababu linaonekana jepesi na linapendeza kwenye picha. Umeshaziona picha hizo, nguo safi, ndoo mpya, mheshimiwa ameinama anamimina vifaranga, vijana nyuma wanapiga makofi. Sawa. Picha ya siku ya kumimina tunayo. Ya siku ya kuvua iko wapi?

Maana mkopo si zawadi. Samaki akidumaa, deni halidumai! Kikundi kikishindwa kulipa kesho utasikia mkubwa akihutubia kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, wamezoea kula kulala. Nani alimpa kijana yule kipimo? Afisa uvuvi alifika bwawani mara ngapi kati ya siku ya ndoo na siku ya wavu?

Lakini msomaji, kuna jambo kubwa kuliko laki nne zetu, nalo ni samaki gani tunamwaga.

Mito ya Wami, Ruvu na Rufiji ina perege wake wa asili. Usimdharau kwa kuwa unamwona kwenye beseni la buku. Perege wa Wami alivushwa zamani akapelekwa Zanzibar, na kutoka Zanzibar akachukuliwa hadi Malacca, huko Malaysia ya leo. Mtaalamu wa Kiingereza aitwaye Hickling alimpandisha dume wa samaki huyo kwa jike wa perege wa Msumbiji, na mwaka 1960 akachapisha matokeo yaliyowashangaza wenzake: watoto wote ni madume! Yaani dawa ileile ya kudumaa ambayo sisi hatukuwa nayo ilitoka kwenye mto ulio jirani yetu. Baadaye huko Florida, Marekani, walimtumia samaki huyo huyo kupata perege mwekundu wa kufugwa. Ughaibuni wanamtumia, sisi wenyewe tunamwacha tunakwenda kutafuta sato wa mbali.

Sato ni mtamu, hakuna ubishi, na anakua haraka. Ila kwa maji ya huku ni mgeni, na bwawa la shimo halina kufuli. Masika yakija maji yanafurika, samaki anatoka, anaingia kwenye kijito, anakutana na perege wa asili wanazaliana. Mwaka 2019 watafiti wa TAFIRI pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Bristol na Bangor vya Uingereza walichapisha ripoti baada ya kuzunguka mabonde ya mito na maziwa ya nchi yetu. Walichokuta ni kwamba sato na mgeni mwingine wa ukoo huohuo wameshaenea sehemu nyingi ambako si kwao, kwa sababu ya miongo ya kupandikizwa kwa makusudi. Wakishachanganyika damu na wenyeji, hakuna wavu wa kuwatenganisha tena. Mbegu safi ya Wami ikipotea hata wa Florida hawezi kuturudishia.

Na tusijifanye hatujui mambo haya yanavyokwenda. Mwaka 1960 mtafiti Geoffrey Fryer aliandika kuonya kuhusu mpango wa kuingiza sangara Ziwa Victoria. Kumbe wakati wasomi wanabishana, maofisa wa upande wa Uganda walishamtia majini tangu mwaka 1954! Mwaka huohuo wa 1960 sangara akaanza kunaswa na wavuvi. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa, na aina nyingi sana za furu zikatoweka. Ngege wa asili naye akamwachia nafasi sato, ambaye pia aliletwa. Ni kweli sangara alileta viwanda vya minofu Mwanza na ajira kwa watu wengi, hatufichi. Lakini aliyekuwa akiishi kwa furu na ngege hakuulizwa, na ziwa halikupewa nafasi ya kukataa.

Shimo la Kimbiji si Ziwa Victoria, tunajua. Ila mabwawa madogo yakiwa mengi, na kila moja likamwagwa chochote kilichopatikana mfukoni, mwisho wake ni uleule, tofauti ni kwamba hakuna atakayeandika kitabu.

Kwa hiyo tunaitaka Halmashauri ya Kigamboni, na zile za Temeke na Kinondoni, zijibu kwa maandishi. Je, vifaranga vinavyonunuliwa kwa fedha za mikopo ni vya aina gani na vinatoka kituo gani? Kwa nini risiti ya muuzaji isilazimishwe kutaja aina, idadi na kama ni madume? Tanzania ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni za mwaka 2009, na kupandikiza samaki kwenye maji ya asili ni jambo la kibali. Shimo linalofurikia kwenye kijito linahesabiwa wapi? Na Kingolwira wazalishe perege wa Wami na Rufiji kwa wingi, wamuuze kwa bei ambayo kijana wa Kibada au Mbagala anaimudu. Hatuombi hisani, ni kodi zetu.

Wewe nawe, kabla hujatoa hela yako, pima bwawa. Zidisha urefu kwa upana, kisha mara mbili au tatu. Muuzaji akikuambia "wewe mwaga tu, wataenea", mrudishie mfuko wake.

Sisi sita tumeshaamua. Tumekodi pampu, Jumamosi tunalikausha shimo lote kabla masika hayajalifikisha ukingoni, kwa sababu samaki waliomo hatujui ni wa wapi, na kijito kiendacho baharini kiko hatua 40 tu chini yake. Afisa uvuvi akipenda kuja kuangalia, barabara ya Kibada hadi Mwasonga anaifahamu.